Uwanda wa Kiapo na Nzige Wake

Pasipo mwenyewe ndipo hutaga nzige. Ndivyo alivyosema yule bwana redioni sasa hivi, aliyerudi kutoka kwenye mkutano wa mataifa juu ya hewa na bahari, nanyi mkatazamana kama wanafunzi waliopewa mtihani wasiousomea. Mmekuja kwangu kutia simu chaji, najua, hamkuja kutafuta hadithi. Lakini jua leo limejificha, betri yangu inavuta umeme kwa kusinzia, na simu hizo hazitajaa kabla ya adhuhuri. Tena mmeuliza wenyewe. Mmoja wenu amesema, "Bibi, nzige na bahari wapi na wapi?" Methali hii ilianzia kwa mwanamke aliyejiuliza maswali ya namna hiyo mpaka kichwa kikamwuma, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Hapo kale palikuwa na nchi tatu zilizopakana. Mwaroko ilikuwa vilimani, na watu wake walilima mtama. Kidundu ilikuwa bondeni, nako walilima mtama na kunde. Korati ilikuwa nchi ya wafugaji, yenye ng'ombe wengi na watu wachache. Katikati ya nchi hizo palikuwa na uwanda mpana wa mchanga mwekundu na nyasi fupi. Mababu waliupigania uwanda huo miaka saba. Walipochoka kuzika vijana wao walikutana, wakavunja chungu, wakaapa kwamba uwanda ule hauna mwenyewe. Hapana jembe, hapana ng'ombe, hapana unyayo. Nchi ambayo unyayo wa mtu wake utaonekana mle ndani, basi imetangaza vita. Wakauzungushia ua wa miiba, wakauita Uwanda wa Kiapo, wakarudi makwao kulala usingizi.

Kiapo kile kilikuwa kizuri. Nayasema hayo mapema msije mkawacheka mababu za watu. Tangu siku ile hakuna aliyechomwa mkuki kwa ajili ya nyasi.

Sasa huko Mwaroko alikuwako mjane mmoja akiitwa Mghoi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde akaitika. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wafukuzaji. Mnajua nzige mwenye mabawa. Lakini kabla hajaota mabawa huitwa tunutu, naye hurukaruka chini tu, makundi kwa makundi, yakila kila kilicho kibichi. Zamani tunutu walipoingia shambani watu walichimba handaki, wakawaswagia humo na kuwafukia. Ilikuwa kazi ya siku nne, na mgongo unakatika. Ulipopatikana uwanda, Wamwaroko wakavumbua njia nyepesi. Kumfukuzia jirani tunutu ni uchokozi, mila inakataza. Lakini uwandani hapakuwa na jirani. Basi walishika matawi, wakapiga mayowe, wakawaswaga tunutu mpaka kwenye miiba. Tunutu, ambao hawakuapa kiapo chochote, walipenya chini ya miiba wakaingia. Kazi ikawa ya asubuhi moja, na mchana watu wanakunywa togwa.

Mghoi aliifanya kazi hiyo kwa sifa. Alijua kuwapanga watu, alijua upepo uko wapi, alijua pa kupiga tawi na pa kunyamaza. Watu walisema Mghoi akikohoa tunutu hufungasha. Naye, binadamu ni binadamu, alipenda kusikia.

Kisha ikaja miaka ambayo hesabu zilimgomea. Mvua za vuli zilinyesha, mtama ukaota, tunutu wakaja. Mghoi akawafukuza wote, hakubaki hata mmoja. Masika yakaja, mtama ukapandwa tena, na tunutu wakaja wengi mara mbili. Shamba lililiwa likabaki vijiti. Akawafukuza. Vuli ya pili walikuja hata ardhi ikawa kama inatembea, na safari hii hata vijiti havikubaki.

Mghoi alikwenda kwa Mzee Mwakio, mkubwa wa Mwaroko, akaketi juu ya kigoda bila kukaribishwa.

"Mzee, mimi sielewi," alisema. "Niliwafukuza mwenyewe. Niliwasindikiza mpaka miibani nikawaona wakiingia. Mtu ukimtoa nyumbani kwako, hupungua. Hawa nikiwatoa huongezeka."

"Labda hukuwafukuza kwa nguvu," alisema Mzee Mwakio.

"Sauti ilinikauka siku tano."

"Basi labda uliwafukuza kwa nguvu mno, wakakasirika."

Mghoi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Mzee wa watu alikuwa amechanganyikiwa kama yeye, ila kwa kuwa ni mkubwa ilimbidi aseme kitu.

Mwishowe wazee walikata shauri kwamba ni uchawi. Nani mchawi? Kidundu, bila shaka. Huko bondeni, walisema, kuna mwanamke anayewaita tunutu kwa jina. Mbona hawakuwahi kumwona? Wachawi hawaonekani. Mghoi alisikiliza hayo, akayageuza kichwani, akaona hayamwingii, lakini hakuwa na mengine ya kuweka mahali pake.

Wakati huo njaa ilikuwa imebisha hodi kila nyumba. Watu walikuwa wamekula mpaka mbegu zao. Kibuyu kimoja kikubwa tu cha mbegu kilibaki katika Mwaroko nzima, nacho kilikuwa kwa Mghoi, maana walimwamini kuwa hatakifungua. Alikuwa amekaa nacho miezi minne, njaa inamkata, asikifungue. Mzee Mwakio aliwaita watu akasema, "Tutapanda hizi. Zikiliwa, tunahama. Kila mtu aanze kufikiri atamfuata ndugu yake yupi."

Mghoi hakuwa na ndugu nje ya Mwaroko wa kumfuata. Alikuwa na makaburi mawili nyuma ya nyumba, la mumewe na la binti yake, na makaburi hayahamishwi kwa kubebwa kichwani. Alizipanda mbegu zile kwa mkono wake mwenyewe, punje baada ya punje, akiogopa hata kukanyaga.

Mtama ulipofika magotini, tunutu walitokea upande wa uwanda. Mghoi akawakusanya watu wake, wakawapigia mayowe siku mbili mpaka wakawarudisha miibani. Wenzake walipokwenda kupumzika, yeye alibaki. Alitaka kumwona mchawi wa Kidundu kwa macho yake. Palikuwa na kichuguu kirefu karibu na ua, akakikwea akachungulia.

Alichokiona kwanza ni tunutu. Wale aliowafukuza walikuwa wameungana na wengine, na wengine, mpaka mchanga mwekundu haukuonekana. Kisha akaona vumbi ng'ambo, upande wa Kidundu. Ndani ya vumbi palikuwa na watu, na watu wale walikuwa na matawi. Walikuwa wanapiga mayowe. Walikuwa wanawaswaga tunutu kuja miibani, na tunutu wakipenya chini ya miiba kuingia uwandani. Mbele yao alikuwako mwanamke mfupi mnene akiwaelekeza watu kwa mkono, wewe huku, wewe kule, sawasawa na afanyavyo Mghoi. Akageuza macho upande wa Korati. Nako vumbi. Wachunga wa Korati walikuwa wanawaswaga tunutu kwa fimbo, kama ndama.

Mghoi alikaa juu ya kichuguu kitambo kirefu. Alijaribu kuhesabu ni tunutu wa nani walioingia na ni wa nani watakaotoka, akashindwa. Ukweli ni kwamba alitaka sana kumwona mchawi, na badala yake alikuwa amejiona mwenyewe mara tatu.

Upande wa kaskazini uwanda ulikuwa mwembamba sana, na mahali hapo, palipoitwa Kooni, nyua za nchi zote tatu zilikaribiana, mtu aweza kusema na mwenzake juu ya miiba. Mghoi alishuka akaenda huko karibu akimbie. Alipofika alimkuta yule mwanamke mfupi yuko ng'ambo amefika kabla yake, anahema.

"Mchawi!" Mghoi alimwita.

"Mchawi ni wewe!" yule alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa na neno hilo mdomoni tangu mwaka jana. "Nimekuona juu ya kichuguu unawaita!"

"Nilikuwa nawaita? Mimi ndiye ninayewafukuza! Nyinyi Wakidundu ndio mnaotuletea tunutu miaka miwili hii."

"Sisi tuwalete kwenu? Na sisi tumeliwa mpaka kunde? Mimi Kadzo nimelala na njaa ili wewe ushibe?"

"Mnawafukuzia wapi?" Mghoi aliuliza.

"Uwandani. Wala si kwenu. Sisi tunaheshimu mila."

"Na sisi tunawafukuzia uwandani," alisema Mghoi polepole. "Wala si kwenu."

Upande wa tatu wa miiba alikuwa amesimama mzee mrefu wa Korati, Guyo jina lake, mguu mmoja juu ya goti la mguu wa pili, akiegemea fimbo. Alikuwa hapo muda wote anasikiliza.

"Na sisi," alisema Mzee Guyo.

"Haya basi," alisema Kadzo, "nani aliyekosa?"

Mghoi alipekua kichwa chake chote. Mwaroko haikuichokoza Kidundu. Kidundu haikuichokoza Korati. Korati haikumchokoza mtu. Wote watatu walikuwa watu wema walioshika mila, na wote watatu walikuwa na njaa. Ingekuwa rahisi kama mmoja angekuwa mchawi. Mchawi hufukuzwa, mambo yakaisha.

"Hawa wa sasa," alisema Mzee Guyo, akiashiria uwanda kwa kidevu, "bado siku kumi, kumi na mbili, waote mabawa. Wakisharuka hakuna tawi litakalowafikia, na wakitaga katika mchanga ule, watatutokea tena mara tatu, kama miaka yote hii. Lazima wachimbiwe handaki mle mle walimo, wafukiwe kabla."

"Mle ndani?" aliuliza Kadzo.

"Mle ndani."

"Aingie nani?"

Hapo maji yakazidi unga. Wazee wa nchi tatu waliitwa wakaja Kooni, kila mmoja nyuma ya miiba yake, wakaanza kuteta. Siku ya kwanza waliteta nani aanze kuingia, kwa sababu atakayeanza, unyayo wake ndio utakaokuwa wa kwanza, na kiapo kinasema nini juu ya unyayo? Kidundu walisema Mwaroko waanze, maana wao wako juu. Mwaroko walisema Korati waanze, maana wana fimbo. Siku ya pili walikubaliana kila nchi ichimbe theluthi ya uwanda. Wakaona kuwa ili kujua theluthi ni wapi lazima upimwe, na ili upimwe lazima mtu aingie. Siku ya tatu Wakorati walisema wao ni wachache, wachimbe kidogo. Wakidundu wakasema ng'ombe wa Korati si wachache. Mzee Mwakio akakohoa, akasema tusikimbilie mambo, tukutane tena mwezi ukiandama.

Mghoi alikuwa amechuchumaa nyuma yake. Kila jioni alikuwa anakwenda kuutazama mtama, na sasa ulimfika kiunoni. Alihesabu siku kwa vidole. Zilibaki saba. Machozi yalimtoka kwa hasira, maana aliwatazama wazee wale mmoja mmoja na hakuona mjinga. Kila aliyesema alisema jambo la maana. Yalipokutanishwa tu ndipo yalipogeuka upuuzi, wala hakujua yaligeukia wapi.

Huko Mwaroko palikuwa na desturi moja ya pacha. Watoto pacha wanapotolewa nje mara ya kwanza hufungwa mguu wa huyu na mguu wa huyu kwa kitambaa, wakavushwa kizingiti pamoja, ili pasiwe na wa kwanza wala wa pili mbele ya jua. Mghoi mwenyewe aliwahi kuwavusha pacha wa dada yake hivyo. Alisimama.

"Mzee Mwakio, niwie radhi," alisema, naye akasema kwa ile sauti yake, hata waliokaa mbali wakageuka. "Tufungwe miguu."

"Tufungwe?"

"Mtu mmoja kutoka kila nchi. Mguu kwa mguu. Tukanyage pamoja. Kama ni vita, basi tutakuwa tumetangaziana wote kwa mara moja, tutajua mbele ya safari nani ampige nani."

Wakorati walicheka, kisha wakaacha kucheka. Wakafyeka nafasi katika miiba pale Kooni. Mghoi alikuja na kitambaa cha kichwa chake, Kadzo na kanga. Ukazuka ubishi mdogo wa nani awe katikati, kwa kuwa wa katikati hufungwa miguu yote miwili, mpaka Mzee Guyo akasema, "Niwekeni mimi. Nikianguka nitashikwa huku na huku." Wakafungwa. Mzee Mwakio akahesabu moja, mbili, tatu.

Kwao Guyo kuhesabu huanzia kidole cha mwisho na mtu huondoka kwenye mbili. Basi Guyo aliondoka, wale wanawake hawajaondoka, na wote watatu walikwenda chini kifudifudi. Kilichotangulia kugusa uwanda hakikuwa unyayo wa nchi yoyote. Kilikuwa pua ya Mzee Guyo, na kiapo hakikutaja pua. Watu wa nchi tatu, wenye njaa na hasira za miaka, walicheka mpaka wakashikana. Walipomaliza kucheka walikuwa wameshaingia ndani wote, wala hakuna aliyeweza kusema nani alikuwa wa kwanza.

Walichimba siku sita. Handaki lilipita katikati ya uwanda. Wakidundu walilaumu majembe ya Wamwaroko kuwa ni mafupi, Wakorati walichimba vibaya kama watu wasiowahi kushika jembe, na kweli hawakuwahi. Lakini kuswaga walijua. Siku ya saba tunutu waliswagwa kutoka pande zote tatu, wakaangukia handakini, wakafukiwa. Waliobaki waliota mabawa wakaruka. Walikula kidogo Kidundu, kidogo Korati, na pembe moja ya shamba la Mwaroko. Mtama uliobaki ulikomaa. Mwaroko haikuhama. Mghoi alivuna, akajaza kibuyu cha mbegu, akenda akakaa nyuma ya nyumba kati ya makaburi yale mawili akalia mpaka akashiba.

Mngesema hadithi imekwisha. Hata wao walidhani hivyo.

Wazee walikutana tena Kooni, wakachinja ng'ombe, wakavunja chungu kingine. Wakaapa kwamba tangu leo uwanda haukosi mwenyewe tena. Ni wetu sote. Kila mwezi ukiandama, watu wa nchi zote tatu watakuja na majembe, wautembee, na pakionekana mayai ya nzige yafukuliwe yachomwe. Walishikana mikono sana siku hiyo. Zilisemwa hotuba ndefu, na nyama ilikuwa nzuri.

Mwezi wa kwanza walikuja watu wengi. Mwezi wa pili walikuja wachache. Mwezi wa sita, siku mbili baada ya mwezi kuandama, Mghoi alipita Kooni akienda kumtazama shangazi yake mgonjwa. Msinifanye niseme uongo, hakwenda kwa ajili ya zamu. Zamu aliikumbuka, lakini alijua Kadzo atakwenda, tena Kadzo ni hodari kuliko yeye. Alipofika pale kwenye nafasi ya miiba aliona mchanga uko laini, mvua imeupiga ukatulia. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Akaingia. Hatua ishirini hivi aliona vitundu vidogo mchangani, vingi, vimejaa povu lililokauka. Akachokoa kwa kijiti, akatoa kifuko cha mayai, marefu membamba, yamegandana kama punje za mchele uliopikwa bokoboko. Akachokoa kando yake, kifuko kingine. Uwanda wote, kadiri macho yalivyofika, ulikuwa umetobolewa.

Mghoi aliketi palepale. Alichanganyikiwa kupita siku ya kichuguu. Uwanda ulipokuwa si wa mtu, nzige walitaga. Sasa una wenyewe watatu, wameapa, wamekula ng'ombe, na nzige wametaga vilevile. Alijaribu kuwalaumu wenzake, akakumbuka kuwa yeye mwenyewe alikuwa njiani kwenda kwa shangazi.

Hakwenda kwa shangazi. Aliazima vyungu vitatu vidogo nyumba iliyokuwa karibu na pale, akavijaza mchanga na mayai, akabeba viwili mpaka Kidundu. Kadzo alikuwa anapepeta kunde.

"Dada, mwezi umeandama juzi," alisema Mghoi. "Ulikuwa wapi?"

"Lo! Nilijua wewe utakwenda," alisema Kadzo. "Na Wakorati wapo."

Mghoi hakugomba. Aliweka chungu kimoja mekoni kwa Kadzo, karibu na moto, penye joto, akatoka. Akaenda Korati. Mzee Guyo alimpa maziwa, akasema, "Nilijua nyinyi wanawake wawili hamshindwi na kazi ile." Mghoi alikunywa maziwa, akashukuru, akaweka chungu cha pili miguuni pa kitanda cha mzee.

Chungu cha tatu alikuwa amekiacha Kooni, akakipitia akarudi nacho kwake, akakiweka kando ya mafiga, akaketi kukitazama. Mzee Mwakio alisikia kuwa Mghoi amerudi na mambo ya ajabu, akaja. Aliinama akatazama ndani ya chungu, akarudi nyuma.

"Mayai ya nzige! Ndani ya nyumba? Hayo ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mghoi.

Neno hilo halikuwa limesemwa na mtu yeyote juu ya kitu chochote cha uwanda ule tangu chungu cha mababu kilipovunjwa. Mzee Mwakio alishtuka hasa.

"Mghoi, unajua unachosema? Unadai uwanda? Unataka kuturudisha vitani?"

"Uwanda sijui ni wa nani, Mzee. Mpaka leo sijui, na nimefikiri mpaka nimechoka. Mara si wa mtu, mara ni wetu sote, na mimi sioni tofauti, maana mara zote mbili hakwenda mtu. Mayai haya ndiyo yangu. Nilikuwa napita tu. Yataanguliwa hapa mekoni nikiyatazama, yatakula mbegu zangu kibuyuni, nami sitakuwa na wa kumwita mchawi." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Pasipo mwenyewe ndipo hutaga nzige, Mzee. Basi mimi nimekuwa mwenyewe. Kesho nakwenda kuchimba. Kama kuna mwingine, sijui."

Mzee Mwakio alikiinamia chungu kile mara ya pili. Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeshikwa, kama Mghoi ana jembe la ziada.

Kulipopambazuka walikuta watu wawili wamekwisha kufika Kooni, mmoja mfupi mnene, mmoja mrefu ameegemea fimbo, kila mmoja amebeba chungu chake na nyuma yake watu wa kwao. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Kadzo alikuwa amewasha moto, akamwaga mayai yake humo akasema, "Haya yalikuwa yangu." Mzee Guyo akamwaga yake. Wakaingia ndani, mmoja mbele mwingine nyuma, na hakuna aliyetazama nani kakanyaga kwanza.

Basi mtu akikwambia bahari si ya mtu, au hewa ni yetu sote, usimbishie, huenda ni kweli yote mawili. Muulize tu mwezi huu ni nani aliyekwenda na jembe. Akikujibu kuwa alidhani wenzake wamekwenda, mwambie maneno ya Mghoi: pasipo mwenyewe ndipo hutaga nzige.